Mtoto wa kike, jina la Ireland: tumuite nani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Mikindani, mimba ina miezi nane na wameshaniambia ni wa kike. Mume wangu kwao Galway, Ireland, alikuja huku na kazi za gesi tukaoana, sasa anataka binti apate jina la kwao ila lisiwe la kila mtu. Ameniletea Saoirse, Caoimhe na Fiadh. Mama yangu akijaribu kusoma anaishia katikati, linamshinda mdomoni kabisa, na ndo atakayemlea. Nifanyeje? – Mama kijacho

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mama yako hana kosa, maana sisi tunasoma herufi zote zilizoandikwa na wenzetu hawasomi hivyo, Saoirse kwao ni Sirsha, Caoimhe ni Kiva au Kwiva, na Fiadh ni Fia tu, hiyo dh mwishoni haitamkwi. Tena mwambie baba mtoto kama anataka la kipekee basi Fiadh aliache, mwaka 2021 ndo lilishika namba moja kwa watoto wa kike waliozaliwa Ireland. Kwa Mtwara litakuwa geni ila akienda kwa bibi yake Galway darasani wako kibao.

Saoirse nalipenda mno, maana yake uhuru. Ila usije ukashawishika kuliandika Sirsha ili watu wa huku wasome, kwa sababu upande wa baba wataona limeharibiwa, na ukiliandika kama lilivyo mwanao atasahihisha watu maisha yake yote, kliniki, shule, benki, kila akiitwa. Huo mzigo usimpe.

Tafuta ambalo likiandikwa kikwao sisi tunalisoma sawa bila kufundishwa. Mimi ningechukua Nuala. Ni kifupi cha Fionnuala, yule binti wa Lir kwenye hadithi yao ya zamani sana, mama wa kambo aliwageuza yeye na wadogo zake watatu wa kiume kuwa ndege wa majini wanaoitwa bata maji, wakakaa hivyo miaka 900, na yeye ndo aliyewafunika wadogo zake kwa mbawa zake baridi ikizidi baharini. Binti mwenye jina hilo ana hadithi ya kusimuliwa na bibi zake wa pande zote mbili! Mama yako alitamke mara moja tu utaona.

Orla nalo zuri, lina dhahabu ndani yake. Una ni jina la kwao la zamani ila hapa hapana, mwalimu akisema "Una, una daftari?" darasa zima litacheka na mtoto ataumia. Ita pia liache, hata kama ni la mtakatifu wao.

Jina la somo kutoka kwenu liwe la nyumbani, mama yako amuite hilo na asizuiwe na mtu.

Mkishakubaliana andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukae nalo, siku ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa cha RITA mpe anayeandika alinakili herufi kwa herufi, maana baba akiwa raia wa Ireland aliyezaliwa kule mtoto ni raia wa kule pia, na paspoti yake wataitoa kwa kuangalia hicho cheti.