Muulize Fundi: Mfarishi wa kitenge, uzi wa pamba au wa poliesta?

SWALI: Shikamoo Fundi. Namshonea binti yangu mfarishi wa vipande vya kitenge, muhula ujao anaingia shule ya bweni. Vipande nimeanza kuviunganisha. Katikati nitaweka blanketi kuukuu, nyuma shuka. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Jirani yangu, mshonaji wa siku nyingi kuniliko, amenikataza kabisa uzi wa poliesta. Anasema utakikata kitenge kama wembe. Lakini uzi wa pamba niliojaribu unakatika kila sindano ikifika penye tabaka nyingi, na dukani bei yake ni karibu mara mbili. Ninunue upi?
Mama wa mapacha, Busia

JIBU: Marahaba, mama wa mapacha. Baba yangu alilima pamba kule Pallisa, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukiichuma, kwa hiyo moyo wangu uko upande wa pamba tangu zamani. Hata hivyo, kwa mfarishi huo nakushauri utumie nyuzi zote mbili: wa pamba kuunganisha vipande, wa poliesta kushona blanketi, shuka na uso pamoja.

Sababu ya kwanza ni pasi. Unapounganisha vipande unapiga pasi kila mshono ulale, na wengi wetu tunatumia pasi ya mkaa, ambayo haina kidude cha kupima joto. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hadi 260 hivi, na hulegea kabla ya hapo. Nilipoanza kushona mifarishi hapa Jinja niliunganisha mmoja mzima kwa poliesta, kisha nikaupitishia pasi iliyokuwa imepulizwa moto sana. Safu mbili zilifumuka mkononi mwangu, na mahali pa uzi pakabaki vinundu vidogo vigumu. Ilikuwa kazi ya wiki tatu, ya mteja, na hadi leo nikiikumbuka naumia. Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa inaungua, lakini kwanza kitambaa kinaanza kugeuka rangi ya kahawia, na wewe unapata nafasi ya kuinua pasi.

Mfarishi ukishakamilika hautapigwa pasi tena. Bwenini utafuliwa kwenye beseni, utakamuliwa na wasichana wawili, mmoja huku na mmoja kule, kisha utaanikwa juani kwenye ua. Hapo poliesta inafaa: ina nguvu hata ikiwa nyembamba, hainywi maji, haishikwi na ukungu upesi, na inalistahimili jua kuliko pamba.

Sasa neno la jirani yako. Usimpuuze, maana kuna kitu amekiona. Uzi ukiwa mnene, wenye nguvu kuliko kitambaa, umekazwa sana na mishono imebanana, kitambaa hutoboka kwenye mstari wa mshono. Lakini hilo linaletwa na unene, mkazo na wingi wa matundu ya sindano. Uzi mnene wa pamba ukishonwa hivyo nao utaharibu. Wengine huniambia mifarishi ya zamani iliyodumu miaka mia yote ni ya uzi wa pamba. Ingekuwaje vingine? Poliesta ya kutengenezea nyuzi ilibuniwa Uingereza mwaka 1941. Huwezi kuihukumu kwa mifarishi iliyoshonwa kabla haijakuwapo.

Uzi wako unaokatika nina shaka nao. Kata kipande cha urefu wa kiganja, ukivute kwa mikono miwili. Kikikatika papo hapo bila kukupa ubishi, uzi huo umezeeka. Pamba iliyokaa dirishani mwa duka, juani, huoza taratibu. Kisha choma ncha yake. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta husinyaa, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanya hivyo kabla ya kulipa bei mara mbili, kwa sababu poliesta ya kusokotwa ina manyoya kidogo na kwa macho hufanana na pamba. Na kipande cha kitenge chako ukichome pia. Vitenge vingine siku hizi ni poliesta, na hivyo navyo pasi ya mkaa itavimaliza hata uzi ukiwa wa pamba.

Sindano ndiyo ninayoiona ikisahauliwa zaidi. Kwa tabaka tatu zenye blanketi weka namba 90/14, mpya. Tundu likiwa dogo uzi husuguliwa mpaka ukatike, uwe wa aina gani. Wa poliesta chukua ule ulioandikwa 40/2, yaani nyuzi mbili za namba 40 zilizosokotwa pamoja. Kwa kazi hii unatosha. Urefu wa mshono uwe milimita 3 hivi, na kanyaga polepole, gurudumu lisirudi nyuma.

Poliesta ina tabia moja inayowasumbua wageni: inavutika ikiwa chini ya mkazo, na mshono ukishatoka kwenye cherehani inarudi ilivyokuwa, mfarishi ukajikunja. Legeza kidogo skrubu ya uzi wa juu. Kwenye bobini unaweza kuacha pamba ukipenda, mimi hufanya hivyo mara nyingi. Ila pamba humwaga vumbi. Kila bobini mbili zikiisha, fungua chini ya sindano, piga mswaki mkuukuu, utie tone la mafuta.

Vitenge ulivyobakiza vifue kabla ya kukata, visije vikanywea baadaye. Halafu kabla hujagusa mfarishi wenyewe, chukua mabaki ya kitenge, blanketi na shuka, shona kipande cha ukubwa wa kitambaa cha meza, nusu kwa uzi wa jirani yako na nusu kwa poliesta. Kifue mara tatu, ukikamue kwa nguvu, ukianike, kisha mpelekee jirani mkikague pamoja.