Upasuaji na uzazi: usiache fani kwa neno la mtu mmoja
Dada daktari, umeuliza kama uache upasuaji kwa kuwa bingwa mmoja amekuambia haumfai mwanamke anayetaka watoto. Usiache. Mafunzo ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, huchukua takriban miaka 5 katika hospitali zilizoidhinishwa, hivyo kabla ya kujisajili uliza nani atashika zamu zako ukijifungua; sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, lakini idadi ya upasuaji unaotakiwa kuufanya haipungui. Madogo nayo huchosha (hayasemwi sana): omba glavu ndogo, namba 6, kama mikono yako ni midogo, na kijukwaa cha kusimamia, maana meza iliyopandishwa kwa kimo cha bingwa mrefu itakuumiza mabega.