"Thou" si neno la heshima, ni "wewe"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba "thou", neno la Kiingereza cha zamani, ni neno la heshima. Ndivyo nilivyofundishwa, na ushahidi ulikuwepo: katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mungu anaitwa "thou". Basi nikamwandikia barua mzee mmoja wa kanisa, Mwingereza, nikajaza "thou" na "thee" tangu salamu hadi sahihi. Alinijibu kwa upole kwamba zamani hivyo ndivyo mtu alivyomsemesha mtoto wake. Niliona haya sana.

"Thou", litamke dhau, ni wewe, mtu mmoja. Akitendwa anakuwa "thee". Mkiwa wengi ni "ye", mkitendwa ni "you". Kuanzia karne ya 13, kwa kuiga Wafaransa, Waingereza wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "you". "Thou" likabaki la mtoto, mtumishi, rafiki, na Mungu kwa sababu ya ukaribu. Mwaka 1603, mwanasheria mkuu wa Uingereza, Edward Coke, alipomshtaki mvumbuzi wa nchi Walter Raleigh kwa uhaini, alimwita "thou" mbele ya mahakama ili amvunjie heshima. Hilo sisi hatuhitaji kuelezwa. Mwambie mzee "we!" barazani uone watakavyokugeukia.

Ushauri wangu: usikariri jedwali la maneno haya, soma ukiwa na Kiswahili kichwani. Fungua Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni Petro kuwa Shetani "hath desired to have you", kisha "I have prayed for thee". Kwa Kiingereza cha leo maneno yote mawili ni "you", na msomaji anaweza kudhani anayewindwa ni Petro peke yake. Biblia yetu ya Union inasema "amewataka ninyi", halafu "nimekuombea wewe". Walitakiwa wote, akaombewa mmoja! Nilisoma mistari hiyo tangu utotoni bila kuona kwamba wanafunzi wote walikuwa hatarini.

Angalia pia kitenzi: "thou hast", "thou goest", "thou art". Ile -st au -t ya mwisho inafanya kazi kama u- yetu katika "unakwenda", kwa hiyo usiandike "thou has".

Kwa mkubwa wako andika "you". Mimi "thou" nimeliacha kwenye sala tu, na nikilitamka najua ninamwambia Mungu "wewe", kama ninavyosema "jina lako litukuzwe".