Re: Mgongo unauma hadi unyayoni, eksirei haioni kitu

Pole mkuu. Umesema maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka hadi unyayoni, na eksirei imetoka safi. Isikuchanganye: eksirei inaonyesha mifupa, si diski (vitu laini kati ya pingili za mgongo) wala neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa.

Kwanza jichunguze. Mkojo hautoki kawaida? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Mguu unalegea? Hata kimoja kikiwepo, nenda hospitali leo leo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kama hakuna, usikimbilie kulipia MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha diski na neva. Omba daktari akunyanyue mguu ulionyooka ukiwa umelala chali. Ukichoma kama umeme chini ya goti, huenda neva inahusika. Mimi, dereva, nilikosea kulala wiki mbili nikakakamaa zaidi. Kutembea kidogo kidogo na mazoezi ya fiziotherapia (tiba ya viungo) ndiyo yaliyonirudisha kwenye usukani, wiki ya sita. Sindano za mgongo sijazijaribu, sizisemei.