Mwanga anaingia au mwanga unaingia?

Msomaji wa Moshi kaniandikia, anasoma mambo ya maabara, alikuwa anamwelezea bibi yake kwamba siku hizi "mwanga anasaidia kuingiza dawa kwenye seli ili kuzima jeni", bibi akaguna akauliza, na mchungaji anajua? Sasa anauliza aache mwanga aandike nuru? Na jeni inazimwa au inanyamazishwa?

Hahaha mdogo wangu, bibi yuko sahihi kabisa. Mwanga ana-, wanga wana-, huyo ni yule wa usiku anayewangia watu. Wa taa na jua ni mwanga una-. Tamko ni lile lile, ngeli ndo inawatenganisha, wewe umeweka a- afu unashangaa bibi kushtuka. Usilikimbie neno, rekebisha kiambishi basi. Nuru sio kosa ila ina harufu ya kanisani, hakuna mtu hapa Sakina umeme ukirudi anasema nuru imerudi.

Kuzima mimi sikupendi hapo, manake ukishataja mwanga msomaji anawaza swichi. Tena mwanga hauzimi chochote. Hiyo dawa yenyewe ni vipande vya RNA (ndugu yake DNA), vifupi, herufi kama 21 hivi, seli ikivimeza vinabaki vimefungiwa kwenye kifuko kidogo ndani humo, kama abiria wa haisi kafika stendi mlango umegoma. Kwa hiyo inatangulizwa kemikali inayoamshwa na mwanga, inakaa kwenye ngozi ya kifuko, ukiimulika inazalisha oksijeni kali inayopasua ile ngozi na mzigo unatoka (hii njia wameianzisha watafiti wa Oslo, Norwei, miaka ya 1990). RNA ikishatoka inafanya ujumbe wa jeni, ule unaoiambia seli itengeneze protini gani, ukatwekatwe kabla protini haijatengenezwa. Jeni yenyewe ipo pale pale, nzima, haijaguswa, ila sauti yake haifiki popote. Ndo maana nakwambia kunyamazisha, kuzima kunafanya jeni ionekane imekufa.

Na jeni ni I-ZI, jeni hii jeni hizi, hayo "majeni" waachie wenyewe.

Andika hivi: "Mwanga unapasua kifuko, RNA inatoka, inanyamazisha jeni." Kila kitenzi na mwenyewe. Msomee bibi, akiguna tena ujue tatizo ni hiyo RNA, mwanga hauhusiki.