Muulize Fundi: Simu nzima, WhatsApp imegoma

*Fundi shikamoo. Mi ni mshonaji hapa Tanga, simu yangu ninayo toka 2014, kioo hakijawahi kupasuka, betri nimebadilisha mara moja tu na chaji inakaa siku mbili. Mwishoni mwa 2023 WhatsApp ikaanza kuniambia niapudeti simu, nikienda kuapudeti simu inasema iko sawa haina apudeti yoyote, mwisho ikafunga kabisa nikawa natumia ya binti yangu. Kwenye setingi imeandikwa Android 4.4.2. Sasa kuna kijana hapa mtaani anataka elfu ishirini na tano aiflashi iwe ya kisasa. Nimpe? Na kwa nini wameizima simu yangu wakati nimeinunua kwa hela yangu? Picha za mishono ya wateja zote zimo humo.*
*Mama Mishono, Tanga*

Marhaba mama. Hela usimpe, tuanzie hapo.

Simu yako hajaizima mtu, iko vilevile kama siku uliyoitoa kwenye boksi, na hilo ndo tatizo lenyewe. Wewe ni mshonaji utanielewa haraka: chukulia una cherehani nzima kabisa inashona vizuri, ila sindano za saizi yake kiwanda kimeacha kutengeneza. Utashona na ulizonazo mpaka ya mwisho ikatike. WhatsApp kila wakiongeza kitu kipya wanakiandika kwa kutegemea vitu vilivyomo kwenye Android mpya, kwako havimo, na wao hawataki kuhangaika na toleo la zamani ambalo watumiaji wake wamebaki wachache, kwa hiyo tarehe 24 Oktoba 2023 wakasema chini ya Android 5.0 basi. Miezi miwili kabla yake, Agosti, Google nao walikuwa washaacha kuapudeti huduma zao za Play (zile za ndani zinazosaidia programu nyingi kufanya kazi) kwenye hiyo 4.4, wakasema simu zinazoitumia hazifiki hata asilimia 1. Asilimia 1 ya dunia nzima mama ni watu wengi sana lakini ndo hivo.

Sasa swali lako la apudeti, mbona simu inasema iko sawa? Kwa sababu inamuuliza aliyeitengeneza, na aliyeitengeneza hana kipya cha kuipa. Android ikitoka kwa Google haiji moja kwa moja kwenye simu yako, kwanza aliyetengeneza chipu lazima aandike upya vile vipande vinavyoendesha kamera na mtandao, halafu kampuni ya simu ichukue hiyo iifanyie majaribio kwenye modeli yako, na yote hiyo ni gharama kwa simu ambayo washaiuza na hela washakula. Simu za bei ya chini nyingi za miaka ile zilizaliwa na toleo moja zikazeeka na hilohilo. Kwa hiyo "haina apudeti" haimaanishi uko salama, inamaanisha hakuna anayekutengenezea tena, wangeandika hivo tungeelewana.

Na bado una nafuu. Waulize waliokuwa na BlackBerry, wale wa "nipe pini yako" enzi zile, tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima huduma za mifumo yake ya zamani ikawaambia watu kabisa kwamba hata kupiga simu na kutuma meseji kusitegemewe tena. Yako inapiga.

Kuhusu huyo kijana. Kuflashi ni kuifuta simu na kuiwekea mfumo upya, lakini mfumo upi? Kama kampuni haikutoa Android 5 kwa modeli yako, atakachoweka ni ileile 4.4, utatoka na simu safi, tupu, imefutwa picha zote, na WhatsApp bado imegoma. Wapo watu duniani wanaotengeneza Android za kienyeji kwa simu zilizoachwa na zingine zinafanya kazi vizuri tu, ila ni kwa modeli zile zenye majina makubwa, na hata hapo unakuta bluetuthi haishiki au kamera haifunguki. Halafu kuna mchezo mchafu zaidi, mtu anabadilisha maandishi tu pale kwenye setingi isomeke Android 10, ndani ni ileile. Nimeletewa simu ya hivo mezani, mwenyewe kalipa na anashangaa mbona haidanlodi kitu.

Fanya hivi. Weka kadi ya memori, ingia sehemu ya mafaili, tafuta folda la WhatsApp, ndani kuna Media halafu WhatsApp Images, kopi zote zile uhamishie kwenye kadi, na za kamera pia. Picha hizo hazihitaji WhatsApp ifunguke ndo uzipate, ni mafaili ya kawaida. Laini yako utaihamishia kwenye simu nyingine, utatumiwa namba za kuhakiki kwa meseji na akaunti itarudi na namba yako ileile. Meseji za zamani ndo siwezi kukuahidi, zitarudi kama ulikuwa unaweka bekapu kwenye akaunti ya Google na bekapu yenyewe bado ipo.

Hiyo ya zamani usiitupe. Kupiga, redio, alamu, tochi, na hela pia, ukibonyeza *150*00# au namba ya mtandao wako hiyo inapita kwenye mnara moja kwa moja, haijali una Android gani. Ila toa akaunti ya barua pepe humo na usiingize neno la siri la benki, maana viraka vya usalama haijapata miaka na mashimo yake yanajulikana na kila mwizi. Na ukifungua tovuti ikakuandikia kwamba haiko salama, kwanza angalia kama tarehe ya simu iko sawa (betri ikiisha kabisa zingine zinarudi 2010 huko), ikiwa sawa na bado inagoma jua ni ile orodha ya vyeti vinavyoaminika, ambayo simu inaitumia kutambua tovuti halali, ilijengwa ndani ya simu wakati inatengenezwa na haijaongezwa kitu. Android za chini ya 7.1.1 ndo zinasumbuliwa sana na hilo.

*Oya fundi, niko chuo hapa Moro, kuna mshkaji ananiuzia iPhone 7 kwa laki moja na themanini, safi kinoma, na boksi lake. Watu wananiambia imepitwa ila kamera bado kali. Nivute?*
*Boom Limechelewa, Morogoro*

Kali ni kali, sikatai. Lakini simu ilitoka 2016, iOS 16 (iOS ndo mfumo wa iPhone, kama Android kwa wengine) ilipokuja 2022 yenyewe ikaachwa mlangoni, imeishia 15. Apple huwa wanaitupia kiraka cha usalama mara mojamoja, hapo nawapa heshima yao, shida ni programu. WhatsApp toka Mei 2025 wanataka iOS 15.1 kwenda juu, siku hiyo wenye iPhone 5s na 6 walitoka wote, na wewe unataka kulipa laki na themanini ukasimame kwenye ngazi iliyobaki ya mwisho. Wakipandisha tena kidogo tu umedondoka.

Kama roho inataka iPhone jipige jipige kidogo. 8 na X zimeishia 16, XR na XS zimeishia 18, na toleo lililotoka 2025 wakaliita 26 (walirukia namba, usitafute 19) hilo linaanzia iPhone 11. Yoyote utakayochukua hakikisha mwenyewe anatoa akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako, akikwambia "nitakutumia neno la siri baadaye" ondoka.

*Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat nafanya kazi, kila nikirudi Unguja nampelekea mama simu, na kila baada ya miaka miwili naambiwa imekuwa nzito haikubali kitu. Nimechoka. Ninunue ipi ikae?*
*Mwana wa Kiswandui, Muscat*

Waalaykum salaam. Naona unanunua kwa kuangalia ramu na kamera kama wengi, mi nakwambia angalia miaka ya apudeti ambayo kampuni imeahidi. Pixel za Google kuanzia 8 na Galaxy S za Samsung kuanzia S24 wameahidi miaka 7, lakini kwa mama wa kupiga video na kuangalia mawaidha hizo ni hela nyingi bure. Galaxy A16 ya 2024 ni ya bei ya kawaida na iliahidiwa miaka 6, mi ningeanzia hapo.

Ila kuna mtego na hapo Muscat mmejaa maduka yenye bei za kuvutia. Miaka inahesabiwa toka simu ilipoingia sokoni, siyo toka siku uliyolipa wewe. Ofa nzuri nzuri mara nyingi ni simu iliyokaa stoo miaka mitatu, ikiwa iliahidiwa minne umebakiwa na mmoja, na hapo ndo unaambiwa imekuwa nzito. Ukifika dukani muombe muuzaji aiwashe, ingia setingi, kuhusu simu, tafuta tarehe ya kiraka cha usalama, halafu iungwe wifi ya dukani ujaribu kuapudeti palepale. Kama tarehe ni ya mwaka juzi na apudeti haisogei, irudishe kwenye boksi mwachie mwenyewe.