Shangazi, majirani wa huku hawanisalimii

*"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, kwetu Moshi. Hii ni wiki yangu ya tano hapa Leipzig, Ujerumani, nimekuja kusomea uuguzi kwa ule mpango wa miaka mitatu wa kazi na darasa. Nimepanga chumba kwenye ghorofa na hakuna jirani hata mmoja aliyenibishia hodi. Jumapili nilikuwa nagonga misumari nitundike pazia, baadaye nikakuta karatasi mlangoni: eti nimewasumbua. Nililia usiku kucha. Kesho yake sikwenda kazini, nikasingizia simu iliisha chaji. Barua ninazosubiri hazifiki; mwenye nyumba kaniletea moja tu, ya kunidai hela za redio na televisheni, wakati sina hata redio. Mama nimemwambia mambo ni mazuri. Kaka naye anataka nimwongezee hela anunue bodaboda. Nirudi?" — Mpweke wa Leipzig*

Marahaba, mwanangu. Naanza na jambo ulilolipitia mbiombio: ile siku uliyokosa kazini. Huko, ukiumwa unapiga simu asubuhi hiyohiyo kabla zamu haijaanza. Bado uko kwenye muda wa majaribio, ambao kwa wanafunzi wa uuguzi ni miezi sita, na katika muda huo mkataba huvunjwa kirahisi sana. Kibali chako cha kuishi nacho kinategemea mkataba huohuo. Kwa hiyo kesho mfuate anayekusimamia, umwambie kweli kwamba ulizidiwa na hukujua ufanyeje. Akununie, basi. Ila usirudie.

Sasa majirani. Kwetu mtu akihamia, godoro halijashuka kwenye gari jirani keshauliza mnatoka wapi na mnasali kanisa gani. Wewe umekaa chumbani wiki tano ukisubiri hilo, na wao nao wanakushangaa umeingia kimyakimya. Ujerumani aliyehamia ndiye anayezunguka. Unabonyeza kengele jioni moja, si usiku, unataja jina lako, unasema uko ghorofa ya ngapi, unaaga. Usitegemee kukaribishwa ndani wala usichukie usipokaribishwa. Wengi wao wanaona kumchunguza mgeni ni kumwingilia, ndiyo maana hawaulizi mpaka ujitaje. Hata kazini utaona: siku ya kuzaliwa ya mtu, keki analeta mwenyewe. Usipoleta, usishangae siku ikapita bila shamrashamra.

Karatasi ya mlangoni isikuvunje moyo. Jumapili kwao imelindwa mpaka kwenye katiba. Maduka mengi yanafungwa, nyundo na mashine za kutoboa ukuta zinapumzishwa, na usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hivyohivyo. Mjerumani mwenzao akigonga misumari Jumapili anaandikiwa karatasi ileile. Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Upo, na siku ukikutana nao utaujua bila kuja kuniuliza. Hii ilikuwa nyundo tu. Ukienda kujitambulisha, waombe radhi kwa hilo hapohapo, mazungumzo yatakuwa yameshaanza.

Barua je? Nenda kaangalie sanduku lako la barua hapo mlangoni. Nina hakika halina jina lako. Sisi tumezoea S.L.P., lakini tarishi wa huko anatafuta jina, na asipoliona barua inarudi ilikotoka. Kwa barua hizo ndiko zinakokuja kadi yako ya bima ya afya, kadi ya benki na namba ya kodi. Mwajiri akikosa namba ya kodi anaweza kukukata kodi ya mshahara kwa daraja la sita, ambalo makato yake ni makubwa kuliko yote, halafu utasema mshahara wako umeibwa. Mwombe mwenye nyumba akuwekee jina, sandukuni na kwenye kengele pia. Na kama hujaenda kujiandikisha manispaa, nenda upesi, maana muda uliowekwa ni wiki mbili tangu kuhamia.

Lile deni la redio si utapeli. Ni ada ya kila makazi, kama euro 18 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Kama mnakaa fleti moja na wenzako, analipa mmoja mnachangiana. Usiitupe ile barua, ijibu.

Kuhusu kurudi, sikushauri uamue mwezi huu. Umefika wakati mbaya wa mwaka, jua linazama kwenye saa kumi alasiri, na mtu wa Moshi hajazoea kutoka kazini gizani kila siku. Subiri mpaka majaribio yaishe. Ila usingizi ukiendelea kukukimbia na kilio kisikome, nenda kwa daktari wa kawaida wa mtaani. Bima unakatwa, itumie.

Kwa mama, pokea simu ukiwa hujapaka poda. Mwambie pagumu kidogo, unalia wakati mwingine, na unajifunza. Hatakufa kwa kusikia hivyo. Anachoweza kufa nacho ni kusikia kwa mtu mwingine.

Akishajua, suala la kaka litakuwa rahisi. Maana sasa hivi nyumbani wanajua una raha na una hela, na aliyewaambia ni wewe. Mwandikie kwamba huwezi kumwongezea chochote mpaka mshahara wa tatu uingie, uone baada ya kodi ya chumba na bima kinabaki nini. Usimpe kiasi wala tarehe. Umesema anataka umwongezee, kwa hiyo kuna hela umeshatuma. Sikuulizi ni shilingi ngapi, ila hizo zihesabu ni zawadi, usizifuatilie. Akikasirika, amwombe mama amweleze. Mama atakuwa ameshajua.